Si kila 'back' ni 'nyuma': tofauti ya kisogo, kikosi, mgongo na tezi

Kila siku, chumba cha habari cha Kiswahili hupokea taarifa zilizoandikwa kwa Kiingereza: za polisi, za mahakama, za hospitali na za mashirika ya habari ya ng'ambo. Mfasiri huwa na dakika chache tu za kuzigeuza kabla ya muda wa kuchapisha kuwadia. Miongoni mwa maneno yanayomtatiza katika kazi hiyo ni 'back', 'rear', 'behind', 'hind', 'nape' na 'stern'. Aghalabu yote hutiwa katika kapu moja: 'nyuma'. Ndipo tunaposoma kwamba marehemu alipigwa risasi 'nyuma ya kichwa', kwamba mtoto alikuwa 'nyuma ya gari' ajali ilipotokea, kwamba meli ilianza kuzama 'nyuma', na kwamba polisi wanawasaka watu walio 'nyuma ya mauaji'.

Sina ugomvi na neno 'nyuma'. Ni neno kongwe na lina kazi zake. Ninachokipinga ni kulitwika mizigo isiyo yake, hasa pale ambapo Kiswahili kina maneno mahsusi, na pale ambapo tofauti ya sehemu moja na nyingine yaweza kumtia mtu hatiani au kumwokoa.

Tuyatazame kwanza maneno ya Kiingereza yenyewe, maadamu ndiyo chanzo cha tatizo. 'Back' ndilo pana kuliko yote. Kiini chake ni mgongo wa mwanadamu au wa mnyama, lakini limetanda hadi likafika kwenye kiti, nyumba, karatasi, kitabu na hata mchezaji wa kandanda. 'Rear' lilitokana na Kifaransa cha kale, na hadi leo hupendwa na wanajeshi na watu wa magari: kikosi kinacholinda msafara upande wa nyuma, taa za nyuma, magurudumu ya nyuma. 'Hind' ni la miguu ya nyuma ya mnyama. Binadamu hatajwi hivyo ila kwa mzaha. 'Nape' ni la shingo peke yake. 'Stern' ni la chombo cha majini, nalo ni jamaa wa neno la watu wa Skandinavia wa kale lililohusu kuelekeza chombo, kwa kuwa usukani huwa huko. 'Posterior' huishi katika vitabu vya tiba. 'Behind' nalo, kwa kawaida, si jina la sehemu yoyote ya kitu. Hutaja uhusiano wa mahali baina ya vitu viwili, kimoja kikiwa kimefichwa na kingine au kikikifuata. Hilo la mwisho lina maana nyingine ya kistaarabu ambayo tutaigusa baadaye.

Huenda msomaji akadhani kwamba ninalikuza jambo dogo. Hebu na tutazame kisa kimoja cha kweli ambacho wanahistoria wa Marekani wamebishana juu yake kwa miaka mingi.

Rais John F. Kennedy aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Mrithi wake, Lyndon Johnson, aliunda tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren, na ripoti yake ikakabidhiwa rais mnamo Septemba 1964. Mmoja wa wanatume alikuwa Gerald Ford, wakati huo mbunge, ambaye mnamo 1974 alikuja kuwa rais. Rasimu ya ripoti ilieleza kwamba risasi moja ilimwingia Kennedy katika 'back', yaani mgongoni, juu kidogo ya bega na upande wa kulia wa uti wa mgongo. Ford alishika kalamu akaisahihisha sentensi hiyo ili iseme kwamba risasi iliingia katika 'back of the neck', yaani kikosini. Ripoti iliyochapishwa ilifuata mkondo huo huo: ilisema kwamba risasi iliingia mahali kikosi kinapoanzia, kwa chini.

Kwa nini vidole vichache vya nyama vilete mzozo? Kwa sababu tume ilishikilia kwamba risasi hiyo hiyo ilitokea kooni mwa Kennedy kisha ikamjeruhi gavana wa Texas, John Connally, aliyekuwa ameketi mbele yake. Mpigaji alisemekana kuwa katika ghorofa ya 6 ya jengo lililokuwa nyuma ya msafara, kwa hivyo risasi ilikuwa ikishuka. Kadiri tundu la kuingilia lilivyokuwa chini, ndivyo ilivyokuwa vigumu kueleza jinsi risasi inayoshuka ilivyotokea kooni. Hati zenye mwandiko wa Ford ziliwekwa hadharani mnamo 1997. Yeye alijitetea kwamba alitaka tu kuifanya sentensi iwe wazi zaidi. Hata hivyo, wataalamu wa tiba walioitumikia kamati teule ya Bunge la Wawakilishi, iliyotoa ripoti yake mnamo 1979, waliliweka jeraha hilo katika sehemu ya juu ya mgongo.

Sitaki kujitosa katika bahari ya nadharia za mauaji hayo. Ninachotaka msomaji akizingatie ni lugha. Katika Kiingereza, neno 'back' lilibaki pale pale. Liliongezewa tu fungu la maneno la kulihamishia shingoni. Msomaji wa haraka angeweza kupita bila kuona lolote. Lau ripoti ingekuwa imeandikwa kwa Kiswahili sanifu, Ford angelazimika kulifuta neno zima, 'mgongo', na kuandika lingine lisilofanana nalo hata kidogo, 'kikosi'. Lakini lau ingeandikwa kwa Kiswahili cha 'nyuma ya shingo' na 'upande wa nyuma', tungekuwa katika ukungu ule ule.

Basi Kiswahili kinaigawaje sehemu hiyo ya mwili?

Juu kabisa kichwani ni utosi. Kutoka utosini kuteremka kwa upande usioonekana na mwenyewe hadi shingo inapoanzia ni 'kisogo'. Hili ni neno ambalo Kiingereza cha kawaida hakina. Wao husema 'back of the head' wakahitaji maneno manne kwa moja letu. Ajabu ni kwamba sisi, wenye neno, tunaliacha na kutafsiri maneno yao manne: 'nyuma ya kichwa'. Fungu hilo la maneno lina walakini. 'Nyuma ya kichwa' yaweza kuwa ni hewani, mahali palipo baada ya kichwa, kama ilivyo 'nyuma ya mlango' au 'nyuma ya mti'. Risasi iliyopita nyuma ya kichwa cha mtu haikumgusa. Risasi iliyompata kisogoni ilimgusa, na pengine inatuambia pia alikuwa ameelekea wapi ilipofyatuliwa. Hakimu atataka kujua hilo: aliyeuawa alikuwa akimkabili mpigaji au alikuwa akienda zake?

Kisogo hakina ugomvi ngelini: kisogo hiki, visogo hivi. Nahau zake pia ni hai. Kumpa mtu kisogo ni kumgeukia mbali, kumtelekeza au kumpuuza, na wahenga walisema kwamba akupaye kisogo si mwenzio. Mwanasiasa huipa siasa kisogo anapostaafu. Marehemu huipa dunia kisogo. Kumsema mtu kisogoni ni kumsengenya. Kiingereza husema kwamba mtu husengenywa 'behind his back', nyuma ya mgongo wake, na siku hizi nawasikia watangazaji wakisema 'walimteta nyuma ya mgongo wake'. Waswahili hawakumweka msengenywaji mgongoni. Walimweka kisogoni, kwa sababu hapo ndipo palipo mkabala na macho.

Chini ya kisogo ni 'kikosi', yaani upande wa nyuma wa shingo. Hili ndilo 'nape' la Kiingereza. Wengi wetu tumelisahau kwa kuwa limefunikwa na pacha wake, kikosi cha askari au cha wachezaji. Maneno haya mawili huandikwa na kutamkwa sawa, na yote yamo katika ngeli ya KI-VI, kwa hivyo muktadha ndio mwamuzi. Mwandishi akiandika kwamba mshukiwa alishikwa kikosini, msomaji wa leo huenda akafikiri kwamba alikamatwa akiwa miongoni mwa wanajeshi. Hapo ndipo 'ukosi' unapofaa. Ukosi ni sehemu hiyo hiyo ya shingo, na pia ni ile sehemu ya shati au kanzu inayoizunguka shingo, ambayo mafundi wengi wa cherehani mjini huiita kola. 'Polisi walimkamata kwa ukosi wa shati' haina utata wowote.

Kutoka mabegani hadi kiunoni ni 'mgongo', wa ngeli ya U-I. Neno hili limekopeshwa vitu vingi vyenye umbo linalofanana nalo. Kitabu kina mgongo, pale kurasa zinaposhikamanishwa. Nyumba ya mgongo ni ile ambayo paa lake limeinuka katikati likateremka pande mbili. Kufanya jambo kwa mgongo wa mtu ni kujinufaisha kwa jasho lake au kwa kujificha kwa jina lake, kama wanavyofanya wanaojitajirisha kwa mgongo wa wakulima. Hapa tena Kiingereza na Kiswahili havikwendi sambamba. Mwingereza humsaidia mwenzake kwa 'back', kwa maana ya kumpa nguvu kutoka nyuma. Mswahili humuunga mkono. Nimewahi kukutana na tafsiri iliyosema kwamba chama fulani 'kiko nyuma ya mgombeaji wake'. Nilivyoisoma mimi, chama hicho kilikuwa kimeachwa katika mbio hizo.

Mgongo huishia kiunoni, na hapa pana jambo linalowahusu wagonjwa na madaktari. 'Back' la Kiingereza huteremka hadi kwenye kiuno, ndiyo maana wao husema 'lower back'. Kwa Mswahili, maumivu ya hapo ni maumivu ya kiuno. Nao upande wa chini ya kiuno, paja linapojishikiza, ni nyonga. Mgonjwa anayesema 'mgongo unaniuma' na yule anayesema 'kiuno kinaniuma' huenda wameandikwa neno moja la Kiingereza katika kadi zao za hospitali, ilhali mmoja ameonyesha katikati ya mabega na mwingine mahali anapofungia mshipi. Maumivu ya figo, mathalani, mara nyingi husikika chini kidogo ya mbavu, ubavuni kuelekea nyuma, wala si katikati ya mabega. Mhudumu anayetafsiri baina ya mgonjwa na daktari afadhali amwombe mgonjwa aoneshe kwa kidole.

Suala hili la mipaka linajitokeza pia katika fomu ya P3, ambayo hutumiwa nchini Kenya kuorodhesha majeraha ya mlalamishi katika kesi ya kushambuliwa. Fomu hiyo huutenga mwili mafungu mafungu: kichwa na shingo ni fungu moja, kifua na tumbo ni jingine, kisha mikono na miguu. Jeraha la kikosi na jeraha la mgongo hayaingii katika fungu moja. Shahidi akieleza kwa Kiswahili kwamba aliyeshambuliwa alikatwa 'huku nyuma', na mkalimani akaandika 'back', wakili wa mshtakiwa atakuwa na swali zuri la kuuliza, hasa ikiwa daktari aliandika kwamba jeraha lilikuwa shingoni.

Tukishuka zaidi tunafika mahali ambapo adabu huanza kutawala msamiati. 'Matako' ni neno sahihi la Kiswahili, si tusi kwa asili yake, lakini gazeti hulikwepa na kuandika 'makalio', yaani kile ambacho mtu hukikalia. Waingereza nao walifanya hivyo hivyo walipoazima 'behind' na 'rear', maneno ya mahali, wakayafanya majina ya heshima ya kiungo hicho. Kwa hiyo mfasiri akikutana na taarifa kwamba nesi alimdunga mtoto sindano katika 'behind', asikimbilie 'nyuma ya mtoto'. Kwa upande mwingine, tako lenyewe halina aibu linapohamia kwenye vitu. Bunduki ina mtutu mbele na tako nyuma, pale panapoegemezwa begani, na mtu aliyepigwa kwa tako la bunduki hakupigwa risasi. Chungu kina kitako. Mgeni huambiwa akae kitako, wala hakuna anayeona haya.

Sasa tuliangalie gari, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote.

Kiingereza hutofautisha 'behind the car' na 'in the back of the car'. La kwanza humweka mtu barabarani. La pili humweka ndani, katika kiti cha nyuma. Sentensi 'mtoto alikuwa nyuma ya gari' yaweza kubeba maana zote mbili katika mazungumzo yetu ya kila siku, kwa sababu hata makanga wa matatu hupaza sauti 'songeni nyuma!' akimaanisha tusogee ndani zaidi. Abiria humwelewa kwa kuwa wamo garini. Msomaji wa gazeti hayumo garini. Dereva aliyekuwa akirudi kinyumenyume akamgonga mtoto aliyekuwa nyuma ya gari ana kesi tofauti kabisa na dereva aliyegonga ukuta na kumjeruhi mtoto aliyeketi nyuma ndani ya gari. Dawa yake si ngumu: 'nyuma ya gari' iachiwe kilicho nje, na kilicho ndani kiandikiwe 'katika kiti cha nyuma', 'nyuma garini' au, ikiwa ni mizigo, 'kwenye buti'. Kihusishi 'ya' kidogo hiki ndicho kinachobeba tofauti yote.

Baharini mambo yana utaratibu wake, na mabaharia wa pwani yetu hawakuhitaji kuazima. Sehemu ya mbele ya chombo ni omo na ya nyuma ni tezi. Pia huitwa shetri, hasa pale juu anapokaa nahodha. Methali ya wahenga kwamba uendapo tezi na omo marejeo ni ngamani hufundishwa katika shule nyingi na wanafunzi wasioujua mwambao; wengi huikariri bila kujua kwamba tezi ni nyuma, omo ni mbele, na ngama ni kule chini maji yanapokusanyika na kuchotwa. Meli ya Titanic ilipozama mnamo Aprili 1912, omo ndiyo iliyotangulia kuingia majini, tezi ikainuka juu, kisha meli ikakatika, na vipande hivyo viwili leo vimelala sakafuni mwa Atlantiki vikiwa vimetengana kwa takriban mita 600. Anayeandika kwamba meli hiyo ilianza kuzama 'nyuma' amekosea lugha na historia kwa pamoja. Hata hivyo, nakiri kwamba kuna vyombo ambavyo humpa taabu hata mjuzi. Feri za Likoni zina milango pande zote mbili ili magari yaingilie huku na kutokea kule. Iliyokuwa tezi wakati wa kwenda hugeuka omo wakati wa kurudi.

Tahadhari moja: tezi pia ni jina la viungo vya mwili vinavyotoa majimaji ya kazi mbalimbali, na tezi dume ni kiungo cha wanaume ambacho saratani yake huzungumziwa sana siku hizi. Maneno hayo yanafanana kwa sura tu.

Kutokana na mzizi ule ule wa 'nyuma' tumepata 'kinyume'. Kinyume cha neno ni neno lenye maana inayopingana nalo: kinyume cha refu ni fupi. Kinyume na jambo ni bila kulifuata: alitenda kinyume na sheria. Wanaochanganya 'cha' na 'na' hapa ni wengi mno, hata miongoni mwetu tunaolipwa kwa kuandika. Kinyume pia ni jina la mchezo wa kale wa lugha ambapo silabi ya mwisho huletwa mbele, 'nyumba' ikawa 'mbanyu', ili wasiohusika wasielewe.

Nimeliacha 'nyuma ya mauaji' hadi sasa kwa makusudi. Usemi huu ni tafsiri ya moja kwa moja ya 'behind the murder', na umeenea mno katika kurasa zetu. Kwa Kiswahili, kilicho nyuma ya kitu kingine kimekifuata au kimefichwa nacho. Aliye nyuma ya mauaji, basi, ni nani? Ni aliyefyatua risasi? Ni aliyetoa pesa? Ni aliyemficha muuaji baada ya tendo? Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya huwatambua kama wahalifu wakuu si yule aliyetenda peke yake, bali pia aliyemwezesha, aliyemsaidia, na aliyemshauri au kumchochea atende. Anayemsaidia mhalifu kuikwepa adhabu baada ya kosa kutendwa huhesabiwa kando, kwa kosa tofauti. Taarifa ya polisi ya Kiingereza ikiwa na 'behind', mwandishi ana wajibu wa kuuliza ni lipi kati ya hayo linalodaiwa, kisha aandike waziwazi: polisi wanawasaka watu wanaoshukiwa kupanga mauaji hayo, au kuyafadhili, au kuyatekeleza. Na ikiwa polisi wenyewe hawajasema, 'wanaoshukiwa kuhusika' inatosha.